Mhariri, sio kila pambo linalojirudia ni teselesheni

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua yangu ni ndefu, ikizidi kateni mtakapoona panafaa lakini naomba msikate hesabu manake hesabu ndo barua yenyewe. Nimesoma makala yenu ya mapambo ya sakafu na kuta na nimefurahi kuona gazeti limegusa hili jambo, ila pale mwandishi alipofika kwenye maana ya teselesheni akaandika kwamba ni mchoro wowote wa maumbo unaojirudia, na chini yake mkaweka picha ya miduara iliyopangwa safu kwa safu. Miduara haifanyi teselesheni. Na kujirudia sio sharti lake, kuna teselesheni ambazo hazijirudii kabisa na hizo ndo zimewahangaisha wanahisabati zaidi ya miaka 60 sasa, nitafika huko.

Mimi kazi yangu ni fundi wa tailizi, sio profesa, lakini hili jambo nimelipenda na kulisoma kwa miaka mingi na linaniuma likielezwa nusu.

Maana yake ni hii. Teselesheni ni kufunika eneo bapa lote, yani sakafu isiyo na ukuta wala mwisho upande wowote, kwa vipande ambavyo haviachi pengo na havipandani. Masharti ni hayo mawili basi. Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, tessella, kijiwe kidogo cha mraba ambacho Warumi walikuwa wanapanga sakafuni na ukutani kutengeneza picha za mozeiki, na hilo limetoka kwenye tessera ambalo nalo linarudi kwenye neno la Kigiriki la namba nne, kwa ajili ya zile kona nne. Kwahiyo tangu zamani neno linataja kijiwe na kazi ya kufunika, suala la kurudia rudia limeongezwa na watu baadae kwa sababu mapambo mengi waliyoyazoea yanajirudia.

Sasa chukua ile miduara yenu. Ukiipanga kwa safu zilizonyooka, kila mmoja juu ya mwenzake, inafunika asilimia 78.5 tu ya eneo. Ukiisogeza ikakaa kwenye mabonde ya safu ya chini, kila mmoja umezungukwa na sita, inafika asilimia 90.7 hivi na hapo ndo mwisho, imeshathibitishwa kwamba hamna mpangilio mwingine wa miduara iliyo sawa utakaopita hapo. Asilimia tisa na ushee inabaki kuwa vipengo vyenye kona tatu zilizochongoka. Ni mchoro mzuri, unajirudia vizuri, lakini haujafunika. Upande wa pili kuna vigae vya paa, hivyo vinafunika kila kitu ila vinapandana makusudi ili maji yasipite, kwahiyo navyo kwa maana kamili sio teselesheni. Kuna mtu ataniuliza mbona nyie mafundi mnaacha ule mstari wa simenti katikati ya tailizi, ni kweli tunaacha, kwa sababu tailizi hazitoki kiwandani zikiwa sawa kabisa na sakafu inatanuka na kusinyaa, lakini kwenye hesabu mstari ule hauna unene, ni mpaka tu kati ya kipande na kipande.

Hebu tuingie kwenye kwanini maumbo mengine yanakubali na mengine yanakataa, hapa ndo patamu. Siri iko kwenye kona. Simama mahali ambapo kona za vipande zinakutana, ukizunguka hapo mzunguko mzima ni nyuzi 360, kwahiyo pembe zote zinazokutana pale lazima jumla yake iwe 360, ikipungua kuna pengo na ikizidi kuna kupandana. Pembetatu yenye pande sawa ina pembe za nyuzi 60, sita zinatosha. Mraba una 90, nne zinatosha. Pembesita yenye pande na pembe sawa ina 120, tatu zinatosha. Njoo sasa kwenye pembetano, pembe yake ni 108, ukiweka tatu unapata 324 na linabaki pengo la nyuzi 36, ukijaribu kuweka ya nne unafika 432 imepandana tayari. Pembesaba pembe yake ni zaidi kidogo ya 128, mbili hazitoshi na tatu zinazidi, na kuanzia hapo kwenda juu hali ni hiyo hiyo kwa sababu pembe zinazidi kukua, tatu zinazidi 360 na mbili hazifiki kamwe. Ndo maana ukitumia umbo la aina moja tu lenye pande na pembe zote sawa, kona kwa kona, unapata teselesheni tatu tu duniani kote. Sio kwamba watu hawajatafuta, ni kwamba ya nne haiwezekani, na mtoto yeyote anayejua kujumlisha anaweza kujithibitishia hilo kwa dakika kumi. Nashangaa sana kwanini hii haifundishwi mapema.

Ukiruhusu kuchanganya maumbo mlango unafunguka zaidi. Pembenane pembe yake ni 135, mbili zinafanya 270, inabaki 90 na 90 ni mraba, ndo ile sakafu ya pembenane kubwa zenye vimraba vidogo katikati ambayo mafundi wote wanaijua hata kama hawajui hesabu yake. Pembekumi na mbili, pembesita na mraba: 150 na 120 na 90, jumla 360, inakubali. Johannes Kepler, yule yule wa mizunguko ya sayari, aliyapanga haya kwa utaratibu kwenye kitabu chake cha mwaka 1619, na hesabu inasema teselesheni za aina hii ambazo kila kona inafanana na kila kona nyingine ziko 11, zile tatu za umbo moja na nane za kuchanganya.

Lakini hapa pana mtego na naomba msomaji atulie nao kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lote. Chukua pembetano mbili na pembekumi moja. 108 na 108 na 144, jumla 360 kamili. Ukizikutanisha kwenye kona moja zinakaa safi kabisa, hamna pengo hamna kupandana, mtu anaweza kuapa kwamba amepata teselesheni. Hajapata. Angalia pembetano moja tu: kwenye kila kona yake lazima kuwe na pembetano nyingine upande mmoja na pembekumi upande wa pili, maana yake ukizunguka pande zake majirani lazima wapishane, pembetano, pembekumi, pembetano, pembekumi, na pembetano ina pande tano, tano ni namba witiri, ukifika upande wa tano jirani anagongana na yule wa upande wa kwanza. Mpangilio unakufa hapo hapo. Kukaa vizuri kwenye kona moja sio kukaa vizuri kwenye sakafu nzima, na mtu anayesema teselesheni ni "mchoro unaojirudia" hili hawezi kuliona kabisa kwa sababu anaangalia kipande kidogo alichochorewa, haulizi kama kinaweza kuendelea.

Kuna jambo lingine watu wengi hawaliamini mpaka washike mkasi. Pembetatu yoyote, hata pande zake zisilingane vipi, inafunika sakafu. Na umbo lolote la pande nne pia, sio mraba na mstatili tu, hata lile lenye pande zote tofauti na pembe zote tofauti, hata lile lenye kona iliyoingia ndani. Kata vipande kumi na mbili hivi vya karatasi ngumu vinavyofanana vya umbo la ajabu la pande nne, halafu weka kimoja, chukua cha pili kigeuze nusu mzunguko (usikipindue, kizungushe tu) ukiunganishe upande kwa upande ule ule, endelea hivo kwa pande zote. Vinajipanga vyenyewe. Sababu ni kwamba pembe nne za umbo la pande nne jumla yake ni 360, na ukizungusha hivo kila kona inakusanya pembe zote nne, moja ya kila aina. Nimewahi kuona mtu mzima mwenye digrii anakataa kuamini mpaka alipopanga mwenyewe mezani, akakaa kimya akaomba karatasi nyingine.

Pembetano ndo zenye historia ndefu. Ile yenye pande na pembe sawa imekataa kama tulivyoona, lakini ukiruhusu pande zisiwe sawa zipo zinazokubali, kwa mfano ile yenye umbo la nyumba ya kuchora, mraba na paa juu. Swali likawa ziko aina ngapi. Karl Reinhardt wa Ujerumani mwaka 1918 alitoa aina tano. Watu wakaona biashara imeisha. Mwaka 1968 Richard Kershner akaongeza tatu na kusema sasa zimetimia nane, hazijatimia. Mwaka 1975 Martin Gardner akaandika habari hiyo kwenye safu yake ya hesabu katika jarida la Scientific American na msomaji mmoja, Richard James, akatuma ya tisa. Na msomaji mwingine alikuwa Marjorie Rice, mama wa nyumbani wa California, hesabu yake ilikuwa ya sekondari tu na hata huko hakuisoma nyingi, akaisoma ile safu na akaanza kuchora jikoni kwake, akijitungia alama zake mwenyewe za kuandika pembe na pande kwa kuwa alama za wanahisabati hakuzijua, na mpaka mwaka 1977 alikuwa amepata aina nne mpya. Nne! Mwanahisabati Doris Schattschneider ndo alizikagua akathibitisha ziko sahihi na akahakikisha dunia inajua ni kazi ya nani. Rolf Stein akapata ya 14 mwaka 1985, halafu kimya cha miaka 30, mpaka mwaka 2015 Casey Mann, Jennifer McLoud-Mann na David Von Derau wakapata ya 15 kwa msaada wa kompyuta. Mwaka 2017 Mfaransa Michaël Rao akatoa uthibitisho, nao unategemea kompyuta, kwamba ni hizo 15 na hakuna nyingine kwa pembetano zisizo na kona iliyoingia ndani. Hiyo ni karibu miaka 100 kwa swali ambalo unaweza kulieleza kwa sentensi moja. Mimi huwa nawatajia vijana jina la Rice kabla ya jina lingine lolote.

Pembesita zisizo na kona ya kuingia ndani zilimalizwa na Reinhardt huyo huyo mwaka 1918, aina tatu. Na pande saba kwenda juu, kama umbo halina kona iliyoingia ndani, haiwezekani kabisa, hapo mlango umefungwa.

Nyuki siwezi kuwaacha. Marcus Terentius Varro wa Roma mwaka 36 kabla ya Kristo alishaandika kuhusu vyumba vya pembesita vya sega, na Pappus wa Alexandria karne ya nne akasema nyuki wamechagua pembesita kwa kuwa inabeba asali nyingi kwa nta ile ile. Ukipiga hesabu utaona: chukua maumbo matatu yenye eneo sawa la sentimita mraba 100, pembetatu itahitaji mzingo wa sentimita 45.6, mraba 40, pembesita 37.2. Lakini Pappus alilinganisha yale matatu tu yenye pande sawa, swali gumu ni kama kuna mgawanyo mwingine wowote, hata wa maumbo yaliyochanganyika au yenye pande zilizopinda, ambao ungetumia ukuta mdogo zaidi kwa vyumba vyenye eneo sawa. Jibu ni hapana, na aliyelithibitisha ni Thomas Hales mwaka 1999, yani zaidi ya miaka 2000 tangu Varro. Watu wanasema tu "nyuki ana akili" wanapita, wakati uthibitisho wenyewe ulichukua muda wote huo.

Sasa upande wa yale yanayojirudia, kwa sababu sitaki mwandishi wenu adhani namdharau, mapambo yanayojirudia ni utajiri mkubwa na yana sheria zake. Mrusi Evgraf Fedorov mwaka 1891 alithibitisha kwamba njia ambazo mchoro unaweza kujirudia kwenye bapa pande zote, ukihesabu kusogeza, kuzungusha, kupindua kama kwenye kioo, na kupindua huku unasogeza, ziko 17 tu. Unaweza kuweka maua, ndege, nyota, herufi, chochote, lakini chini yake kutakuwa na moja kati ya mifupa 17. George Pólya akaja kuzieleza tena kwa michoro mwaka 1924. Na ndani ya hizo 17 mzunguko unaoruhusiwa ni wa nusu, theluthi, robo na moja ya sita tu, mzunguko wa moja ya tano hauingii. Kumbukeni hiyo tano, itarudi.

Mabingwa wa kazi hii walikuwa mafundi wa Kiislamu, na ukitaka kuona nenda kaangalie picha za kasri la Alhambra kule Granada, Hispania, kuta zimejaa vigae vilivyochongwa na kupangwa karne ya 13 na 14, wataalamu wamebishana miaka na miaka kama mifupa yote 17 imo mle au kuna iliyokosekana. Wale mafundi hawakuwa na orodha ya Fedorov, walikuwa na bikari, rula na macho. Msanii Mholanzi M. C. Escher alifika pale mwaka 1922, akarudi mwaka 1936 pamoja na mkewe wakakaa siku kadhaa wakinakili michoro, na kaka yake Berend aliyekuwa mtaalamu wa miamba akamuonyesha ile makala ya Pólya. Escher hakuwa mtu wa hesabu kabisa kwa maneno ya darasani, lakini michoro ya Pólya aliielewa kwa macho, na kuanzia hapo vigae vyake vikawa mijusi, samaki na ndege wanaojaza karatasi bila nafasi.

Mbinu yake rahisi kabisa ni hii na ningeomba muichapishe na picha. Chukua mraba wa karatasi ngumu. Upande wa kushoto kata mstari wowote uliopinda kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini, kile kipande kilichotoka kisogeze moja kwa moja mpaka upande wa kulia bila kukizungusha, kibandike kwa gundi. Fanya hivo hivo kutoka juu kwenda chini. Umbo utakalopata eneo lake ni lile lile la mraba, hakuna kilichoongezeka wala kupungua, na kila kitakachojitokeza kulia kitaingia kwenye shimo la kushoto la jirani. Chora jicho, umepata mnyama. Ukishafanya hivo mara moja hautachanganya tena mchoro uliofunika na mchoro uliotawanywa tawanywa tu juu ya karatasi.

Nilisema nitafika kwenye zisizojirudia. Mwaka 1961 Hao Wang aliuliza swali kuhusu vimraba vyenye rangi kwenye pande, sharti ni kila rangi ikutane na rangi ile ile, akadhani kwamba seti yoyote inayoweza kufunika bapa lazima iweze pia kulifunika kwa kujirudia. Alikosea. Robert Berger mwaka 1966 akatengeneza seti ya vimraba 20,426 inayofunika bapa lote lakini haiwezi kujirudia hata ufanyeje, na akathibitisha kitu kizito zaidi, kwamba hamna programu ya kompyuta inayoweza kupewa seti yoyote ile ya vimraba na kila mara ikajibu kwa uhakika kama vinafunika au havifuniki sakafu isiyo na mwisho. Sio kwamba kompyuta zetu ni ndogo, haiwezekani tu. Kuanzia pale watu wakawa wanapunguza idadi, Raphael Robinson mwaka 1971 akafika vipande sita, na mwaka 1974 Roger Penrose wa Uingereza akashuka mpaka viwili. Vipande viwili! Kimoja kama tiara na kingine kama mkuki, vyote vimekatwa kwenye umbo la pande nne zilizo sawa lenye pembe za 72 na 108, na unaweka alama pande zake za kuonyesha nini kiguse nini, kwa sababu bila hizo alama unaweza kuvirudisha vikawa lile umbo la mwanzo na hilo linajirudia bila shida. Ukifuata alama bapa linajaa, na ile tano iliyokatazwa kwa Fedorov inaonekana kila mahali, nyota za pembe tano, duara za kumi, lakini hautapata hatua ya kusogeza mchoro wote ukajilalia wenyewe sawasawa.

Mwaka 2007 Peter Lu na Paul Steinhardt walionyesha kwamba kwenye jengo la Darb-i Imam kule Isfahan, Iran, la mwaka 1453, kuna pambo la ukutani linalokaribia sana mpango wa Penrose. Miaka 500 kabla.

Na hii sio michezo ya karatasi tu. Tarehe 8 Aprili 1982 Dan Shechtman, mwanasayansi wa Israel akifanya kazi Marekani, aliangalia mchanganyiko wa aluminiamu na manganizi kwenye hadubini ya elektroni akaona alama za mzunguko wa kumi, yani ukizizungusha moja ya kumi zinabaki vile vile, kitu ambacho sheria ya kristali ilikuwa inasema hakipo kwa sababu kristali zilifikiriwa lazima zijirudie. Akaambiwa asome upya vitabu, akatolewa kwenye kundi lake la utafiti, Linus Pauling mwenye Nobeli mbili akapinga hadharani mpaka kufa kwake. Atomi zilikuwa zimejipanga kwa utaratibu bila kujirudia. Mwaka 2011 Shechtman akapewa Nobeli ya kemia. Sasa niambieni mhariri, kama maana ya teselesheni ni "kujirudia", hizi tunaziweka wapi?

Swali likabaki kipande kimoja. Kuna kipande kimoja tu, bila rangi wala alama, ambacho kinafunika bapa na kinakataa kujirudia? Miaka karibu 50 hakuna aliyejua. Mwishoni mwa mwaka 2022 David Smith wa Yorkshire, Uingereza, mstaafu aliyewahi kufanya kazi za uchapaji, mtu wa kuchezea maumbo kwa mapenzi yake, alikata kipande cha pande 13 akaona tabia yake sio ya kawaida, kinazidi kuenea mezani ila hakioneshi mpango wa kurudia. Akawaandikia wataalamu, na mwezi Machi 2023 yeye pamoja na Craig Kaplan, Joseph Myers na Chaim Goodman-Strauss wakatangaza uthibitisho. Wakakiita kofia. Watu wakalalamika kwamba vipande vichache kati yake inabidi vipinduliwe juu chini, na mafundi tutakubali hilo ni lalamiko la haki manake tailizi yenye rangi upande mmoja huwezi kuipindua, basi miezi miwili baadae wale wanne wakatoa kingine kisichohitaji kupinduliwa hata kimoja.

Naomba niwaachie wasomaji jambo moja ambalo mpaka leo halijamalizwa, na linahusiana na ule mtego wa pembetano na pembekumi. Chukua kipande, kizungushie pete kamili ya nakala zake bila pengo, halafu pete ya pili kuzunguka ya kwanza, halafu ya tatu. Kama kinafunika bapa unaweza kuendelea milele. Kama hakifuniki utakwama, swali ni utakwama baada ya pete ngapi. Heinrich Heesch ndo aliuliza, na kuna vipande vinakwama baada ya pete moja, mbili, tatu. Casey Mann, yule wa pembetano ya 15, alipata vinavyofika tano, na mwaka 2020 Bojan Bašić akapata kinachofika sita halafu kinakwama. Hakuna aliyeonyesha cha saba, na hakuna aliyethibitisha kwamba hakipo. Kama ukurasa wenu wa vijana una nafasi wiki moja tu, wekeni hilo, na wekeni umbo la kofia lenye ukubwa wa kukatika kwa mkasi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi wa tailizi